Raha ya Tanga Ina Elimu Yake, Tusiiache Ipotee Lamu

Mhariri,

Makala mliyochapisha kuhusu mume na mke waliouza nyumba yao Ulaya, wakanunua boti la tanga na kuanza kutembea visiwa vya nchi za joto bila haraka, yamezungumzwa sana hapa Lamu. Vijana niliowasikia barazani walishika neno moja tu, raha, na mengine yote wakayapita. Naandika kwa ajili ya hayo waliyoyapita, kwa kuwa naamini raha ile imejengwa juu ya elimu ya pepo na maji ambayo wazee wetu walikuwa nayo, na ambayo sisi tunaiacha iondoke pamoja nao.

Mtu akiwaona wageni kama hawa wametia nanga baina ya Shela na Manda, mke anasoma kitabu na mume amelala kivulini, atadhani wamefika kwa kubahatisha. Ukweli ni kwamba mahali walipo na mwezi waliofika ni mambo waliyoyapima mapema. Kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi msimu wa vimbunga huanza Novemba na kwisha Aprili, na hatujasahau jinsi kimbunga Chido kilivyoiteketeza kisiwa cha Mayotte mnamo Desemba 2024. Vimbunga haviwezi kujiviringisha karibu na ikweta, kwa hivyo Lamu, iliyo kiasi cha digrii 2 kusini mwake, na Malindi, iliyo kiasi cha digrii 3, si njia yao. Baharia aliyeko Komoro au Madagaska, asiyetaka kukutwa na msimu huo, hana budi awe ameshatweka tanga kuja huku kabla kusi, upepo utokao kusini, haijakatika. Akichelewa, atalazimika kubisha, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya kaskazi, upepo utokao kaskazini, siku nenda siku rudi, na hapo hakuna raha hata chembe.

Historia ya Malindi inatupa ushahidi ulio wazi kuliko wote. Mreno Vasco da Gama aling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi ikianza, akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji huo, na tarehe 20 Mei alikuwa amefika Calicut, Bara Hindi. Wakati wa kurudi hakungoja kaskazi ianze kuvuma sawasawa. Aliiacha pwani ya Bara Hindi mwanzoni mwa Oktoba, na Malindi hakuiona tena hadi Januari 1499, baada ya kutangatanga baharini miezi mitatu huku mabaharia wake wengi wakifa kwa kiseyeye. Bahari ilikuwa ile ile, na vyombo vilikuwa vile vile. Kilichopungua ni mjuzi wa majira na subira ya kumsikiliza.

Wapo waliochagua maisha haya wakiwa na mali kidogo, na hao ndio ningependa vijana wawasome zaidi. Lin Pardey wa Marekani na mumewe Larry, mzaliwa wa Kanada, walijijengea wenyewe chombo chao Seraffyn, wakakishusha majini mwaka 1968. Urefu wake ulikuwa kiasi cha mita saba na nusu, na hakikuwa na injini kabisa. Upepo ukikatika walitumia kasia. Kwa chombo hicho waliizunguka dunia kwa muda wa miaka kumi na mmoja hivi. Watu wawili wakiwa katika safari ndefu hugawana zamu usiku na mchana, mmoja akilala mwenzake yuko macho, na anayeamka hana wa kumwachia kazi ya kukunja tanga, kushona palipochanika au kupima maji ya kunywa yaliyosalia. Ndoa isiyo na maelewano haifiki kisiwa cha pili. Wala si kila msafiri husalimika na watu wabaya: Waingereza Paul na Rachel Chandler walitekwa na maharamia wa Kisomali mnamo Oktoba 2009 baada ya kuondoka Ushelisheli wakielekea Tanzania, wakashikiliwa zaidi ya mwaka mzima.

Sasa tujitazame sisi. Hapa Lamu mashua na jahazi bado tunazo, mafundi wa Matondoni bado wanachonga na kutia kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao kwa pamba, na siku za mashindano mji mzima hujaa ufukweni kushangilia. Lakini siku nyingine zote ni sauti za injini. Kijana wa leo anajua kuwasha mashine na kwenda Manda kwa dakika chache. Mnyime petroli, umpe tanga na upepo wa mbele, na wengi hawatajua waanzie wapi. Siwalaumu, maana hakuna aliyewafundisha. Mashine ina manufaa yake, hasa kwa mgonjwa anayekimbizwa hospitali kutoka Kiwayu au Faza. Ninalolisikitikia ni kuona mgeni akivuka bahari kuu kwa ujuzi ambao mwenyeji, aliyezaliwa hatua chache kutoka majini, anaona ni mambo ya kale.

Naiomba serikali ya kaunti ishirikiane na vyuo vya ufundi vilivyopo ili somo la kuendesha chombo kwa tanga lifundishwe kwa utaratibu na kutolewa cheti: majira ya kaskazi na kusi, bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo), kusoma mafungu ya mchanga na miamba, kubisha, na kutia nanga juu ya mchanga pasipo kuvunja matumbawe. Wasichana nao wapewe nafasi. Katika maboti haya ya wasafiri mara nyingi mke ndiye anayeshika usukani wakati wa kuingia mlango wa bandari, naye mume yuko omo, mbele ya chombo, akishughulika na nanga, na sioni sababu ya binti wa Pate au Siyu kunyimwa ujuzi huo. Watakaohitimu wataweza kuwa marubani wa wageni wasioyajua maji yetu, kazi yenye heshima na kipato.

Nanyi gazetini, mliowapa wasafiri wale nafasi kubwa, mtumeni mwandishi Matondoni na Shela kabla kaskazi haijakatika, akae na manahodha wazee, mchapishe wanayoyajua kwa maneno yao wenyewe.

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu