Barua kwa vijana waimbaji wa Kusini: rekodini ngoma yenyewe

Wanangu mnaoimba Mtwara, Lindi, Newala na Masasi, salaam.

Mwimbaji Harmonize, mzaliwa wa Mtwara, aliingia WCB Wasafi, lebo ya Diamond Platnumz, mwaka 2015, akatoka 2019 na kuanzisha lebo yake akaipa jina la Konde. Njia mmeiona. Kinachonisikitisha ni midundo yenu: mnachukua sampuli zilezile zilizo katika kila studio ya Dar es Salaam, na sindimba, ngoma ya Wamakonde, inapigwa mtaa wa pili.

Waendeeni wapigaji kabla minada ya korosho haijachanganya, maana fedha zikiingia sherehe huwa nyingi na hamtawapata. Rekodini nje, kwenye udongo, asubuhi na mapema upepo haujaamka. Chinganga, ngoma ndogo ya fimbo, ina mguu uliochongoka, huchomekwa ardhini. Kwenye sakafu ya saruji mtamlazimisha mpigaji aishike kwa miguu, na mkono wake utaharibika. Ngozi ziwambwe vizuri kisha zioteshwe moto wa nyasi, kwa mbali. Ikiguswa na mwali hukakamaa na kupasuka. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, ngozi hulegea haraka, kwa hiyo moto usizimwe: sauti ikishuka, simamisheni kazi, zioteshe moto tena. Msidanganyane kwamba kompyuta itarekebisha.

Maiki moja iwe mita mbili kutoka kwa kundi zima, nyingine sentimita 30 kutoka ngoma kubwa. Chinganga isogezwe nyuma, kwani fimbo zake nyembamba zina mlio mkali unaomeza waimbaji. Faili liwe WAV, biti 24, na kilele cha sauti kisipite -6 dB.

Hapa sasa ndipo kazi nyingi hufa. Prodyuza hufungua programu iliyogawanya pigo mara mbili au nne, wakati ngoma zetu nyingi hugawanya pigo mara tatu. Akibonyeza kitufe cha kunyoosha mapigo (quantize), kila pigo linavutwa kwenye mstari usio wake, na kiuno hakichezi tena. Mwambieni aweke 12/8, yaani mapigo manne, kila moja likigawanywa mara tatu. Afadhali zaidi arekodi bila metronomu, ule mlio wa kuhesabu mapigo, halafu kompyuta ifuate mwendo wa ngoma, hata ukipanda kuelekea mwisho. Ndivyo inavyopigwa.

Nyimbo za ndani ya jando na unyago ziacheni humo. Kwa hilo sina mjadala.

Kabla ya kutoka studio, andikeni karatasi moja: nani katunga maneno, nani sauti, nani mdundo, asilimia ya kila mmoja, zote zijumlishe 100, majina kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, tarehe na sahihi. Andikeni pia nani anamiliki rekodi yenyewe, maana hiyo ni mali nyingine, mbali na utunzi. Kisha nendeni BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kwa usajili wenu wasanii, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa usajili wa kazi. Wazee waliopiga walipwe siku hiyohiyo, na majina yao yawemo kwenye karatasi hiyo, si "kikundi cha ngoma".