Barua ya Malalamiko Kuhusu Bushi na Shokamzoba za Datsun 240Z

Nairobi,
18 Machi 2024

Kwa Meneja,
Idara ya Mauzo ya Vipuri

Bwana Meneja,

KUH: BUSHI ZILIZOPASUKA, SHOKAMZOBA ZISIZO ZA GARI LANGU NA DHAMANA ILIYOKATALIWA

Mnamo tarehe 13 Januari mwaka huu nilinunua dukani kwenu seti ya vipuri vya kukarabatia suspensheni ya gari langu, Datsun 240Z la mwaka 1972, kwa shilingi 94,500. Risiti yenu inaeleza bayana kwamba vyote ni vya gari la aina hiyo: bushi za mpira, yaani vipande vya mpira vinavyokaa kwenye maungio ya mikono ya chini (vyuma vinavyoshikilia magurudumu), mbele na nyuma, pamoja na shokamzoba nne, mbili za mbele na mbili za nyuma. Bushi hizo zimepasuka kabla gari halijatimiza kilomita 700, shokamzoba mbili hazikufaa tangu mwanzo, na mhudumu wenu amekataa kuitambua dhamana ya miezi 12 kwa sababu moja tu, kwamba kazi niliifanyia nyumbani. Karatasi ya dhamana niliyo nayo haina sharti hilo popote.

Gari hili ni urithi kutoka kwa marehemu baba yangu, ambaye alilitamani tangu Edgar Herrmann na Hans Schüller waliposhinda Safari Rally ya 1971 kwa gari la aina hii, kabla ya Shekhar Mehta kushinda nalo tena mwaka 1973. Silikarabati kwa pupa. Kila mkono wa nyuma hushikwa, upande wa gurudumu, na pini moja ndefu inayopita katika bushi mbili, na yeyote aliyewahi kuifungua 240Z anaijua pini hiyo kwa ubishi wake. Ya kushoto ilinichukua siku nne: nilimimina mafuta ya kulegeza kutu asubuhi na jioni, nikaitoa kabari ndogo inayoifunga katikati, nikakipasha moto chuma kilichoizunguka, nayo ikawa inatoka kidogo kidogo kwa kila pigo la nyundo. Bushi za zamani, nilizozisukuma nje kwa jiriwa, zilikuwa zimekakamaa, lakini hazikuwa na ufa hata mmoja.

Mhudumu wenu alidai kwamba nilikaza bolti gari likiwa bado limeinuliwa. Najua vizuri kwa nini jambo hilo ni kosa. Bushi ya mpira haizunguki kama beringi. Mpira umeshikana na mrija wa chuma ulio ndani yake, na mkono unapopanda na kushuka mpira hujinyonga kisha ukarudi. Ukikaza magurudumu yakiwa yananing'inia, gari likishushwa mpira hubaki umenyongwa wakati wote na huchanika mapema. Ndiyo maana nililishusha gari likasimama kwa magurudumu yake juu ya mbao nene, ili nipate nafasi ya kuingia chini, nikalitikisa mbele na nyuma mpaka likatulia, na hapo ndipo nilipokaza kwa spana ya kupimia nguvu, kwa vipimo vya kitabu cha mtengenezaji.

Hata kama hamniamini, seti yenu ilikuja na bushi mbili za ziada ambazo hazijawahi kufungwa kwenye gari lolote. Wiki iliyopita nilizitoa mfukoni na kuzibonyeza kwa kidole gumba, na nyufa zilezile zikafunguka kuuzunguka mrija, nyufa zinazoingia ukucha. Kwa maoni yangu mpira huo ulikuwa umekwisha kuharibika ghalani, na hakuna gereji, iwe ya nyumbani au ya mjini, ambayo ingeuokoa.

Kuhusu shokamzoba, zote nne zina namba moja, nazo ni za mbele. Bomba la chuma ambamo shokamzoba huingia, kwa gari hili, la nyuma ni refu kuliko la mbele, kwa hiyo shokamzoba ya mbele ikitumbukizwa humo hucheza, na nati ya juu hufika mwisho bila kuibana. Nilipozileta dukani nilishauriwa nitafute kipande cha chuma nikiweke chini yake. Cha kipimo gani, hakuna aliyeweza kuniambia. Nililazimika kurudishia zile kuukuu zinazovuja.

Hitilafu ya bushi niliigundua nikiteremka Mai Mahiu, pale usukani ulipovutia kushoto kila nilipokanyaga breki, kwa maana bushi ya mkono wa mbele ikishaachia, gurudumu halikai tena mahali pake. Binti yangu alikuwa ameketi kando yangu. Kwa sababu hiyo ombi langu la kwanza si la fedha: ziondoeni rafuni bushi zote zilizosalia za shehena ile, na mwarifuni kila aliyezinunua.

La pili, naomba nirudishiwe bei ya bushi zote na ya shokamzoba mbili, jumla shilingi 61,000, na mniandikie barua ya kuifuta kauli kwamba ufungaji wangu ndio uliosababisha uharibifu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inanipa haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitawasilisha malalamiko haya kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Nimeambatisha nakala za risiti na za karatasi ya dhamana, pamoja na picha. Bushi mbili za ziada nitakaa nazo mwenyewe mpaka shauri hili liishe, ila fundi wenu anakaribishwa kuja kuzikagua Jumamosi yoyote asubuhi, pamoja na gari lenyewe, ambalo kwa sasa limesimama juu ya stendi bila magurudumu ya mbele.

Wenu mwaminifu,
Mteja mwenye risiti iliyoambatishwa