Msiba ndo ulinifanya nifungue chumba cha ushauri

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mimi ni mama wa watoto wawili naishi Nkuhungu hapa Dodoma, mwaka 2019 nilifiwa na mume na ndani ya miezi michache nikawa silali, siogi, mboga inaungua jikoni mi nimekaa tu naangalia ukuta, ndugu wakasema nimerogwa, wengine wakawa wananong'ona eti huyu sasa ni wa Mirembe. Yani hilo neno liliniuma sana, maana Mirembe ni hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma, watu wanatibiwa pale na wanarudi makwao, ila sisi tumeifanya tusi.

Aliyeniokoa ni nesi mmoja mstaafu, alikua ananiita kwake kila Jumamosi, ananipa uji wa ulezi halafu ananyamaza. Hanihubirii, haniambii jikaze. Jumamosi ya nne ndo nikalia kwelikweli.

Nilivyopata nafuu nikauza ekari yangu ya zabibu kule Mpunguzi nikaenda kusomea ushauri nasaha, na sasa nina chumba kidogo, viti viwili na jagi la maji. Wengi wanaokuja ni wajane na vijana wa bodaboda, na hao vijana huwa wanaanza na "mama mi siumwi". Kupitia magumu peke yake hakutoshi lakini, bila kusoma ningekua nawasimulia ya kwangu tu.

Halmashauri naomba kila zahanati iwe na chumba kimoja chenye mlango unaofungwa, nani atasema ya moyoni foleni nzima inamsikia?

Mama mshauri, Nkuhungu, Dodoma