Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama, Tanga

Ndugu wanachama, asalaam alaikum, na poleni kwa safari wale mliotoka Pangani.

Swali lililonifuata mwaka mzima, hadi soko la samaki la Deep Sea, ni hili: mbona hela za chama chetu cha kuhesabu ndege hatukodi mashua tukatafuta mashimo ya kutagia ya ndege mla kaa kwenye Maziwe, kile kisiwa cha mchanga karibu na Pangani? Jibu ni fupi. Maziwe ni hifadhi tangu 1975, lakini mivinje yake imekwisha na maji yakijaa fungu huzama. Ndege atachimba wapi?

Mla kaa wetu, yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, hatagi huku. Huzaliana kuanzia Aprili hadi Agosti kwenye visiwa na fukwe za mchanga za Ghuba ya Uajemi, Omani, Bahari ya Shamu na Somalia. Huchimba shimo refu, akataga yai moja tu, jeupe, na joto la mchanga likamsaidia kuatamia.

Kuwahesabu huko ni kazi ya subira. Mashimo yanahesabika, ila mengine ni matupu. Kwa hiyo watafiti hupima vipande vya ardhi, wakahesabu mashimo yaliyomo, kisha wakaingiza kamera ndogo kwenye baadhi yake kuona lipi lina yai au kinda. Ndipo wanapokadiria kisiwa kizima. Kwa ndege wa usiku wanaotaga mashimoni, kama wale wa visiwa vya Cousin na Aride kule Ushelisheli, wapo wanaopiga sauti iliyorekodiwa mlangoni na kusikiliza kama mwenyewe ataitika. Ukikanyaga ovyo shimo linaporomoka juu ya kinda, ndiyo maana wengine hutembea juu ya mbao. Sisi hatuna kamera hizo, na kusema kweli hatuzihitaji.

Tulicho nacho ni bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji yakijaa, ndege wote husukumwa kwenye mafungu machache, nasi tunawahesabu kwa mbali bila kuwarusha. Mwaka huu kamati iliamua makinda yaandikwe peke yake. Kinda hutambulikana: mgongo wa kijivu, na haachi kudeka. Msimu wa kaskazi, karibu na mikoko, tulimwona mmoja akimwandama mzazi wake huku akipiga mluzi, mpaka mzazi akamwachia kaa aliyekwisha mvunja miguu. Ana miezi kadhaa tangu atoke shimoni na bado analishwa! Makinda yakipungua kwenye mafungu yetu miaka mfululizo, tutajua mashimoni kuna tatizo. Dunia nzima ndege hawa wanakadiriwa kuwa kati ya 60,000 na 80,000, kwa hiyo daftari letu si mchezo.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi naomba ada zilipwe kabla ya kusi kwisha, maana nahodha wa ngalawa hakopeshi tena. Zamu za bamvua anazo katibu. Asiyeweza kuamka alfajiri aseme leo.