Barua ya wazi kwa mpwa wangu aliyeko Rabat

Mpwa wangu,

Umenifungia namba tangu mwezi wa kwanza. Nikipiga haiiti, nikituma ujumbe unabaki na tiki moja, na pale palipokuwa na picha yako pamebaki duara la kijivu. Basi nakuandikia huku, ambako huwezi kunifungia. Najua utasoma, maana wewe ndiye uliyenifungulia ukurasa huu kabla hujasafiri, ukaniambia, "Mjomba, una maneno mengi, yaweke mahali." Haya, nayaweka.

Shikamoo hujanipa, lakini marahaba. Mama yako hajambo. Goti bado linamsumbua, hasa asubuhi, kwingine kote ni mzima. Minada ya korosho imeisha. Mabibo, matunda ya mikorosho, yalikuwa mengi mpaka yakaozea chini, na uraka, pombe yake, ulinyweka mwaka huu utadhani kila siku ni sikukuu. Bodaboda yako ninaiendesha mimi, na usinifanye niandike hapa nilivyozikuta breki zake.

Kabla ya ugomvi nikupe haki yako. Desemba ulitufurahisha, nisiseme uongo. AFCON iko Moroko, na sisi tuna mtu wetu huko huko! Magomeni nzima, hapa Mtwara, ilijua. Tarehe 23 ulipanda treni kutoka Rabat mpaka Fes kuangalia Taifa Stars na Nigeria, ukatutumia picha umevaa ile jezi ya bluu. Pale kibanda umiza king'amuzi kinachelewa sekunde kadhaa, wewe uko uwanjani unaona yenyewe. Kipindi cha pili ndiyo kwanza kimeanza, simu yangu ikalia, nikafungua, jina la mchezaji wetu: "M'MOMBWAAA." Kwenye luninga mpira ulikuwa bado katikati ya uwanja. Nikasimama nikawaambia watu, "Tunasawazisha sasa hivi." Wakanicheka. Tukasawazisha. Raha yenyewe haikudumu, Lookman akatupiga la pili dakika mbili baadaye na ikaisha 2–1, ila mimi tangu siku hiyo naitwa Nabii.

Mechi ya Uganda ndiyo ilinitia wazimu. Msuva kafunga penalti, Ikpeazu kasawazisha, halafu mwishoni kabisa na wao wanapewa penalti. Kibanda kizima watu wameshika vichwa, mmoja kageukia ukutani. Okello ndiyo kwanza anaukimbilia mpira, na mimi tayari nina neno lako kiganjani: "KAKOSAAA." Nimekaa natabasamu. Jamaa aliyekuwa pembeni yangu aliniuliza kama nina undugu na refa.

Kisha Tunisia, Fei Toto akarudisha, 1–1, na kwa pointi zetu mbili tukavuka kama mojawapo ya timu bora zilizoshika nafasi ya tatu. Wanaotucheka watucheke. Nigeria 1980 tuliishia makundi, Misri 2019 makundi, Ivory Coast makundi. Babu yako alizikwa bado anamtaja Peter Tino na goli lake la Ndola la mwaka 1979, lile lililotupeleka Nigeria, kwa sababu baada yake hakuletewa kingine cha kutaja. Kwenye fainali hizi hatujawahi kushinda hata mechi moja, mpaka leo, lakini safari hii makundi tulivuka, na wewe ulikuwepo. Nilijivunia. Niliwaambia mpaka walimu wenzangu ambao hawapendi mpira.

Halafu ikaja Jumapili, tarehe 4 Januari. Sisi na wenyeji.

Mama yako alinikataza kwenda kibandani. Alisema, "Leo utazame hapa kwangu, unionyeshe mwanangu." Unamjua, mpira haujui, anadhani refa naye ana timu yake. Alikaa mkekani na ungo mapajani, anabangua korosho, vidole vyeusi kwa masizi na mafuta ya maganda. Kila kamera ikienda kwa mashabiki wetu, mkono unasimama. "Yuko wapi?" Namwambia subiri, watamwonyesha. "Yule mwenye bendera kichwani?" Si yeye, dada. Anarudi kwenye korosho zake. Kamera ikienda tena, anaacha tena. Kipindi kizima cha kwanza hivyo hivyo.

Na mimi simu nimeiweka mezani, sauti mpaka mwisho. Haikulia. Nikasema labda mtandao umezidiwa, uwanja una watu zaidi ya elfu sitini. Dakika ya 64 Brahim Díaz akatufunga, na mimi badala ya kuangalia marudio nikaangalia simu. Hamna kitu. Kwenye mechi tatu ulikuwa unanipa habari kabla ya luninga, leo hata la kufungwa huniambii.

Ndipo akaingia mtoto wa jirani, yule uliyekuwa unamfundisha hesabu, anakimbia na simu ya mama yake. "Kaka kaweka stetasi!" Tukaangalia. Ni wewe, jukwaani, jezi nyekundu yenye nyota ya kijani, shavuni umechorwa nyota nyingine, mikono mabegani mwa vijana wawili, mdomo wazi unacheka. Chini umeandika "Dima Maghrib", yaani Moroko daima.

Mama yako aliichukua ile simu kwa vidole vyake vile vile, akaisogeza karibu na macho, kioo kikapata alama nyeusi ya dole gumba juu ya uso wako. Akatazama kwa muda mrefu. Akasema, "Amekonda. Huko hali vizuri." Akamrudishia mtoto, na mtoto akaifutia kwenye kaptula.

Jezi hakuiona. Au aliiona akaiacha, mama yako ni mtu mgumu kumsoma. Mimi niliiona. Dakika za nyongeza mtu wetu akasukumwa ndani ya boksi, refa akapeta, hata VAR hakwenda kuangalia, mtaa mzima unapiga mayowe, na mimi nimekaa naiwaza ile picha.

Ndiyo nikakutumia ile sauti. Nilisema niliyosema. Ukanijibu, "Mjomba, ni jezi tu." Nilipokuuliza ile ya bluu iko wapi, ukasema wenzako wa hosteli ndio waliokununulia tiketi, mmekaa upande wao, ungekuwa peke yako na bluu katikati ya wekundu wote. Hiyo naielewa, siko gizani kiasi hicho. Kijana yuko ugenini, anataka amani. Ungenyamaza hapo tungekuwa tumemaliza. Lakini ukaongeza, "Halafu mjomba, hawa ndio wanaonisomesha."

Hapo ndipo penyewe. Jezi nilishaanza kuisahau, neno hilo limekataa kutoka.

Ada wanalipa wao, kweli, na chumba wanakupa wao, na ule mwaka mzima wa kujifunza Kifaransa kabla hujaanza masomo yenyewe walikuvumilia wao. Tuwashukuru. Lakini pasipoti shilingi 150,000 haikutoka Rabat. Nauli ya ndege haikutoka Rabat. Mikorosho ilikuwa bado ina maua nilipokwenda kuchukua hela ya kangomba, yaani kuuza korosho kwa siri kabla ya msimu, mimi mwalimu ninayewaambia wazazi kwenye vikao wasithubutu. Najua hairuhusiwi, anayetaka kunishitaki anishitaki. Nilikubali bei ambayo mtu akikuambia unacheka, na msimu ulipofika nikapima korosho za bibi yako nikazipeleka kwa yule bwana gunia baada ya gunia, wakati wenzangu wanasubiri mnada. Hukuyajua haya kwa sababu nilimkataza mama yako asikuambie. Nilitaka uondoke na kichwa chepesi. Sasa nakuambia, tena mbele za watu, kwa sababu umesema kwa mdomo wako nani anakusomesha.

Na ile jezi ya bluu. Niliinunua sokoni hapa hapa mjini, mama yako akaifua ingawa ilikuwa mpya, akaipiga pasi, akaizungushia kifurushi cha korosho za kukaanga isipate mikunjo, tukampa yule mwenzako wa Newala aliyekuwa anarudi chuoni. Ulisema imefika inanukia nyumbani. Ulisema wewe, si mimi.

Wewe unapenda mifano, nikupe. Aliyetufunga, Díaz, kazaliwa Málaga. Ameshavaa mpaka jezi ya Hispania, mechi moja mwaka 2021, na bado akarudi kwenye nchi ya asili ya baba yake. Hakimi kazaliwa Madrid, yule ndiye nahodha wao. M'Mombwa wetu amekulia Australia. Na Simon Msuva ndiyo usiniambie kitu. Huyo amekaa huko huko ulipo wewe, klabu ya Difaâ El Jadida, kisha Wydad pale Casablanca, amekula mkate wao na mshahara wao miaka. Siku ya Uganda alisimama Rabat akapiga penalti kwa ajili ya nani? Najua utasema yule ni mchezaji, ile ni kazi yake. Sawa. Wewe ulikuwa hulipwi, ndiyo maana nakuuliza.

Wenzangu hapa wananiambia, mwalimu, mwache mtoto, vijana wa siku hizi mpira ni kama muziki, wanafuata unapochezwa. Shemeji yako anasema nina wivu kwa sababu mimi mwisho wangu ulikuwa chuo cha ualimu na ndege sijapanda. Sina wivu. Ningekuwa na wivu ningeila ile hela ya kangomba nikaezeka nyumba yangu, ambayo mpaka leo upande wa jikoni inavuja na unaujua.

Lingine nikuambie, kwa sababu mama yako hawezi. Siku zile za Krismasi ulitaja Tangier mara nyingi. Eti karibu na pale kuna mahali maji ni kilomita 14 tu mpaka Hispania, usiku taa zinaonekana. Ulisema kama mzaha. Mimi nimefundisha jiografia, kilomita 14 nazijua, na najua wangapi wamezama kwenye hizo 14. Kama ni masomo, maliza digrii, omba ya pili, nenda Ufaransa kwa viza na mlango wa mbele, nitakuwa wa kwanza kukuombea dua. Kama ni ile njia nyingine, futa. Sisi mtoto akipotea haulizwi baba yake, naulizwa mimi. Nilikupeleka jandoni mimi, nilikusimamia mimi, na ukoo ukikaa chini siku hiyo hawatamwita mtu mwingine. Kwa hiyo nikikasirika usidhani nakasirikia kitambaa. Naona mtu anavua kimoja leo, nawaza kesho atavua nini.

Ile sauti ulisema nimekutukana. Nimeirudia kuisikiliza, sikuona tusi. Nilisema "mtumwa wa tumbo", hilo ni onyo, babu yako aliniambia mimi maneno makali kuliko hayo kwa kuchelewa kurudisha baiskeli. Na kama nilipandisha sauti, ilikuwa baada ya mechi, kila mtu Mtwara alikuwa amepandisha sauti.

Mama yako amebadilisha laini, ya zamani ilifungwa kwa kutotumika. Namba mpya anayo yule mwenzako wa Newala. Mpigie jioni, mchana yuko shamba, na usimwambie kuhusu barua hii, mwambie tu unakula nini. Mtajie kila chakula. Bado analiongelea lile kukonda kwako, juzi ameniuliza kama kuna namna ya kukutumia unga wa muhogo.

AFCON ya 2027 imepangwa kuchezwa kwetu, sisi na Kenya na Uganda. Utakuwa umemaliza au umekaribia, njoo. Basi la kwenda Dar nitalipa mimi, tiketi ya uwanjani nitalipa mimi, na safari hii bila kangomba. Jezi nachagua mimi.

Mjomba wako,
Magomeni, Mtwara