Wanangu mnaofanya sanaa na mashine, fundi wenu mmemweka wapi?

Wanangu, nimetoka kwenye maonyesho nimekasirika na sitaficha. Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa imezima, skrini nyeusi tupu, msanii kasimama pembeni anampigia simu kijana aliyemwandikia programu, kijana kaja mbio kainama nyuma ya mitambo mpaka ikawaka, watu wakapiga makofi, msanii akashukuru wadhamini wote na yule kijana hakumtaja kabisa. Hata kwenye kikaratasi cha ukutani jina lake halipo!

Hii tabia mmeitoa wapi? Mwaka 1966 kule New York, Billy Klüver, mhandisi wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu, aliwakutanisha wahandisi kama 30 na wasanii 10 wakaandaa maonyesho ya usiku tisa. Msanii mmoja, Robert Rauschenberg, akaleta mchezo wa tenisi, wahandisi wakaficha kifaa cha kurusha sauti kwenye mpini wa raketi, basi kila mpira ukigongwa mlio unasikika ukumbi mzima na taa moja inazimika, mpaka giza linaingia. Msanii peke yake asingeweza kukiunda kile kifaa, na mhandisi peke yake sidhani kama angewaza kulizima jumba kwa tenisi. Msanii wa video Nam June Paik naye, mtambo wake wa kuchezea picha za video aliujenga na Shuya Abe, na mpaka leo unaitwa kwa majina yao wote wawili.

Mengine nayasema haraka. Jifunzeni kusoma mchoro wa umeme, hata kidogo. Andikeni kazi yenu inavyoendeshwa na mweke vipuri, maana zile televisheni za kioo kinene alizotumia Paik hazitengenezwi tena na makumbusho zinahangaika. Mwanasayansi muiteni mwanzoni, msimuite siku ya mwisho aje kuwapambia maelezo.

Nawapenda, mna ujasiri ambao sisi hatukuwa nao, na kosa si lenu tu. Wadhamini wanalipia skrini, anayeitunza hawamlipi. Shule zinamtenga mtoto wa sayansi na wa sanaa mapema, halafu wakishakuwa wakubwa tunaandaa warsha ya kuwakutanisha.

Na wewe kijana wa programu, kama unasoma hapa, safari ijayo kabla hujaandika hata mstari mmoja dai makubaliano ya maandishi, jina lako litakaa wapi na nani atakulipa ukiitwa usiku.