Barua kwa Mama Baraka: msitie sukari bado

Sacramento, California
9 Novemba 2025

Mpendwa Mama Baraka,

Watoto wanakupa shikamoo. Sisi ni wazima. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza ndani ya basi nikitoka kazini, nikaurudia nilipofika nyumbani, maana nilitaka nisikie vizuri pale uliposema mvinyo wenu mwekundu wa Agosti unakausha ulimi kama bibo, na kwamba Baba Baraka anataka mtie sukari mfungashe muuze kabla ya Krismasi. Nikaona hili si la kujibu kwa simu. Nakuomba sana, msitie sukari bado. Sababu nitakupa, ila nianze na Jumapili iliyopita, kwa kuwa jibu langu limetoka huko.

Pale mgahawani, kila mwaka msimu kama huu tunakaa kuonja mvinyo wa California uliotoka karibuni, ili tujue upi uingie kwenye orodha yetu. Sikia hapo neno "uliotoka karibuni". Mweupe unaotoka sasa ni wa zabibu za mwaka jana au mwaka juzi. Mwekundu wa zabibu ziitwazo Cabernet ndiyo kwanza wanauachia wa 2022. Umelala kwenye mapipa ya mwaloni mwaka mmoja na nusu au miwili, ukalala tena kwenye chupa, ndipo ukapelekwa dukani. Wenu una miezi miwili na kitu. Hilo liweke moyoni wakati unasoma yanayofuata.

Tulikuwa wanne: mimi, bosi wangu, mpishi wetu, na mzee mmoja kutoka Mexico aliyepogoa mizabibu ya Lodi, hapa hapa California, zaidi ya miaka 20. Chupa nane, kila moja imevikwa mfuko wa kaki na namba, ili jina na bei visitusemee. Katikati ya meza mkate mkavu na maji, chini ndoo ya kutemea. Najua utashangaa kutema, lakini ukimeza nane zote, ya tano huionji tena. Tunatoa alama kati ya 20, kwa mtindo uliobuniwa mwaka 1959 na Maynard Amerine na wenzake katika Chuo Kikuu cha California kule Davis, hapa hapa jirani yetu. Magazeti mengi hutumia alama 100 za Robert Parker, mkosoaji wa mvinyo wa Kimarekani, ambazo kwa kweli zinaanzia 50. Mimi naipenda ile ya Davis kwa sababu inakulazimisha ukae na kitu kimoja kimoja: uangavu, rangi, harufu, uchachu, ukakasi. Harufu ndiyo yenye alama nyingi kuliko vyote, nami kwenye harufu ndiko ninakokawia.

Tulianza na myeupe. Sauvignon Blanc ya 2024 nilikuwa nayo dakika mbili tu: pera na majani yaliyokatwa, safi, 14. Chardonnay zilikuwa mbili, zote za 2023 kutoka pwani ya Sonoma, na huwezi kuamini ni zabibu moja. Ya kwanza ilinukia samli. Kuna bakteria ambao, zabibu zikishachachuka, hugeuza asidi kali ya tufaha bichi kuwa asidi laini ya maziwa, na kazi hiyo huacha harufu ya siagi. Ukiongeza na pipa jipya la mwaloni, unapata vanila juu ya siagi. Miaka mingi Wamarekani waliipenda hivyo, na bosi wangu bado anaipenda, akaipa 17. Mimi nikaipa 13, nikamwambia wazi kwamba nimetafuta zabibu humo sijaziona. Ya pili walikuwa wameizuia isigeuke yote. Ilikuwa na limau, chumvi kidogo, na kitu kama jiwe lililolowa. 16. Mwaka 2023 ulikuwa wa baridi kwao, mvua zilikuwa nyingi wakati wa masika yao na mavuno yakachelewa sana, kwa hiyo zabibu ziliiva polepole bila kupoteza uchachu. Unauonja kabisa.

Iliyonikalisha kitako ni ya nne. Chenin Blanc ya 2024 kutoka Clarksburg, mwendo mfupi tu kusini mwa hapa ninapoishi, kwenye mashamba ya tambarare kando ya mto. Chenin, Mama Baraka! Zabibu ile ile mnayolima Dodoma. Mchana kule ni joto, lakini jioni upepo wa baridi hupanda kutoka baharini kupitia delta ya mto, na zabibu zinalala zikipumua. Sisi Dodoma hatuna bahari, lakini tupo kwenye mwinuko wa mita elfu moja na zaidi, na unazijua asubuhi za Julai ulivyokuwa unavaa sweta kwenda shambani. Mvinyo wenyewe ulikuwa mkavu, hauna sukari hata kidogo, pombe asilimia 12.5. Unanukia embe ambalo halijaiva vizuri, na asali kwa mbali, na mwisho wake unachachatika kama ukwaju. Niliupa 17, ndiyo alama yangu ya juu kwa siku ile, na ndio uliokuwa wa bei ndogo kuliko yote mezani.

Sasa myekundu. Pinot Noir niliyoingoja sana, kutoka Sta. Rita Hills ambako milima imelala mashariki hadi magharibi ikiuachia ubaridi wa Pasifiki njia, ilikuwa imeharibika. Kizibo kilikuwa na ugonjwa. Ulipoinusa ilikuwa gunia lililolala kwenye maji, basi. Hatukuipa alama, haikuwa haki. Zinfandel ya Lodi ya 2023 ilikuwa nzuri, 15, pilipili manga na tende. Yule mzee alitueleza kwamba Lodi kuna mizabibu iliyopandwa karne ya kumi na tisa ingali hai kwenye mizizi yake yenyewe, kwa sababu yule mdudu wa filoksera aliyeangamiza mashamba ya dunia nzima hawezi kustawi kwenye mchanga.

Nataka nikae kwenye Cabernet mbili, zote za bonde la Napa, zote za 2022. Mwanzoni mwa Septemba mwaka ule joto lilipita nyuzi 40 siku kadhaa mfululizo, zabibu zikiwa karibu kuvunwa. Joto la namna hiyo hukausha tunda, sukari inapanda na uchachu unashuka. Moja ilikuwa ya tambarare, sakafuni mwa bonde. Laini, nene, tamu kinywani, pombe asilimia 15.1. Wote wanne tuliipenda pale pale, mimi nikaandika 17. Nyingine ilikuwa ya mlimani, Mount Veeder. Mama Baraka, ilikuwa ngumu! Rangi nyeusi kama zambarau zilizopondwa, pua haikutoa chochote, na nilipoizungusha mdomoni ulimi uligandana na kaakaa, ufizi ukakauka mpaka nikatafuta mkate. Ni kitu kile kile ulichonisimulia kwenye simu. Mpishi aliisukuma glasi mbali. Niliandika 13, na pembeni nikaandika "ukakasi mtupu".

Tulipomaliza, chupa zilibaki nusu. Kwa kawaida huwa zinakwenda jikoni kupikia. Sijui nini kilinituma, nikazifunga zile mbili kwa vizibo vyake, nikazibeba nyumbani, nikaziacha juu ya meza usiku kucha na mchana wake wote. Jumatatu jioni, watoto wamelala, nikazimimina kwenye glasi mbili zinazofanana.

Ile ya tambarare ilikuwa imechoka. Ilinukia jamu iliyopikwa sana, na pombe ilikuwa inachoma puani kabla ya kufika mdomoni. Ile ya mlimani ilikuwa imefunguka. Kwanza ilikuja zambarau mbivu, ile iliyoanguka yenyewe chini ya mti. Halafu jani la tumbaku. Halafu penseli iliyochongwa sasa hivi. Nilinusa mara tatu kuhakikisha, ni penseli kabisa. Ukakasi ulikuwapo, ila haukushika tena ulimi mzima, ulikuwa umekaa pembeni kama ukuta wa nyumba, na tunda lipo ndani yake. Nikachukua kalamu. 13 ikawa 17, na 17 ya jana yake ikawa 14. Mvinyo ni ule ule, muonjaji ni yule yule.

Najua hewa ya siku moja si sawa na miaka ya kulala kwenye chupa. Ni kuchungulia tu mlangoni. Lakini unachokiona ni kweli. Ukakasi unatoka kwenye maganda na mbegu, na mvinyo ukiwa mchanga chembe zake zina makali. Kadiri siku zinavyokwenda zinabadilika, mdomo unazisikia laini, nyingine zinazama chini zikawa mashapo. Mvinyo mwekundu usio na ukakasi hauna cha kulainika. Unakuwa mtamu leo na kesho hauna kitu.

Na hili si langu peke yangu. Tarehe 24 Mei 1976, Steven Spurrier, Mwingereza aliyekuwa akiuza mvinyo kule Paris, aliwaonjesha waamuzi wa Kifaransa mvinyo wa California na wa Ufaransa bila kuona majina. Chateau Montelena ya 1973 ilishinda kwa myeupe, Stag's Leap ya 1973 kwa myekundu. Habari hiyo wengi wanaijua. Ninayoipenda mimi ni ya baadaye. Wakosoaji walisema mvinyo wa California unavutia ukiwa mchanga tu, hautazeeka vizuri. Mwaka 2006, siku hiyo hiyo ya 24 Mei, ile myekundu ilionjwa tena baada ya miaka 30. Nafasi tano za kwanza zote zilichukuliwa na California, na iliyoongoza ilikuwa Ridge Monte Bello ya 1971, ambayo mwaka 1976 ilikuwa ya tano.

Sasa turudi kwenu. Mkitia sukari kwenye mvinyo ambao hamira yake bado iko hai, na wenu hamjauchuja kwa mashine, utaanza kuchachuka upya ndani ya chupa. Vizibo vitaruka, au chupa zipasuke mikononi mwa mteja. Hiyo ndiyo hofu yangu ya kwanza. Ya pili ni kwamba mtaufunika ule ukakasi kabla haujafanya kazi yake, na huo ndio mali mliyonayo. Nazikumbuka zabibu za Mpunguzi tulizovuna pamoja, vidole vinanata, nyuki wanatufuata mpaka kwenye mizani. Ganda lake lilikuwa nene, ukitafuna linakwangua meno. Huo si ugonjwa wa mvinyo wenu.

Ila ada ya Januari naijua, wala siwezi kukwambia msiuze kitu. Toeni madumu mawili tu, wauzieni majirani wanywe siku zile zile, na anayetaka tamu atiwe sukari kwenye glasi yake wakati wa kumimina. Kilichobaki kijazeni mpaka shingoni mwa chombo, pasiwe na hewa, maana hewa ya siku zote huleta siki. Kiwekeni chumba cha nyuma kile kisichopigwa na jua. Kila mwisho wa mwezi chota glasi moja, uionje wewe mwenyewe asubuhi kabla ya chai, uandike kwenye daftari alama kati ya 20 na maneno yako. Usiandike ya kwangu wala ya kitabuni. Kama ni bibo andika bibo. Siku nyingine iache glasi mpaka kesho yake uionje tena, uone zinavyotofautiana.

Nipigie picha kurasa za daftari kila unapoandika. Chupa sita nifichie, nikija Juni tutaifungua moja asubuhi tuimalize jioni, tukiionja kila saa.

Msalimie Baba Baraka, umsomee sehemu ya sukari taratibu. Na Baraka mwambie shangazi anamwombea mtihani wake wa Kidato cha Nne mwezi huu.

Wako akupendaye,
Esta